Kliniki ya Meno Imepoteza Amani: Tafuta Jino Lenyewe Kabla ya Kung'oa

Mgonjwa anaingia ameshika shavu la kulia. Anakuonyesha jino la chini: "Ni hili dokta, ling'oe tu." Unaligonga, haliumi. Unalipulizia hewa, halishtuki. Unapanda juu, upande uleule, unakuta gego limeoza mpaka kwenye kiini, sehemu laini ya ndani yenye neva. Maumivu ya kiini yana tabia hiyo ya kusafiri kutoka taya la juu hadi la chini, na daktari anayefuata kidole cha mgonjwa atang'oa jino zima na kuliacha bovu.

Wenye kliniki tunafanya kosa hilohilo kwa wafanyakazi. Kazi ikiharibika tunamtazama aliye karibu: dada wa mapokezi mkali, msaidizi mzembe, tabibu mwenye dharau. Tunamwondoa, tunaajiri mwingine, na baada ya miezi minne yule mpya naye amekuwa mkali, mzembe, mwenye dharau. Ninaendesha kliniki ya viti viwili hapa Dar es Salaam, na watu wawili wazuri waliondoka kwangu kwa sababu hiyo. Ninawakumbuka. Ndiyo maana naandika haya.

Tufuate mwendo wa kwenye kiti: dalili, kipimo, chanzo, tiba. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara.

Dalili: Kifaa kimeharibika, hakuna aliyekiharibu

Hendipisi, kile kishikio cha drili ya meno, imeacha kuzunguka. Unauliza kikaoni, watu wote wanaangalia sakafu. Kesho yake inakufa ya pili.

Kipimo ni swali moja unalojiuliza mwenyewe: mara ya mwisho mtu kukiri kosa hapa, alifanywa nini?

Kabla ya kufungua kliniki yangu nilifanya kazi mahali ambapo kifaa kikivunjika, gharama iligawanywa kwa wote waliokuwa zamu na kukatwa kwenye mshahara. Hendipisi moja nzuri inaweza kupita mshahara wa mwezi wa msaidizi. Basi watu walijifunza. Kifaa kibovu kilisafishwa, kikafungwa kwenye pakiti kama kizima, kikarudishwa kwenye droo. Ubovu wake uligunduliwa mgonjwa akiwa tayari amechomwa ganzi, mdomo umekufa, daktari anakanyaga pedali na hakuna kinachozunguka. Hakuna aliyekuwa mwizi wala mvivu pale. Walikuwa wanalinda kodi ya nyumba na ada za watoto.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara ovyo kwa sababu ya kitu kilichoharibika. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo, apewe maandishi yanayoeleza chanzo, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, apate nafasi ya kupinga, deni lisizidi hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake. Kugawia zamu nzima hasara ya kifaa kimoja hakupiti hata hatua ya kwanza.

Halafu angalia kama kosa ni la mtu kweli. Hendipisi zangu zilipoanza kufa mfululizo, nilimwomba kila mmoja, peke yake, anionyeshe jinsi anavyoitia mafuta kabla ya kuipeleka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Watu wanne, namna tatu tofauti. Mmoja alikuwa anapulizia mafuta kwenye tundu kubwa la kutolea hewa badala ya lile dogo linaloingiza hewa ya kuzungushia, kwa hiyo beringi zilikuwa zinaenda kavu. Alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, kila siku, kwa miezi. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia, na aliyemtangulia alifundishwa haraka haraka na mimi siku ya kwanza, kliniki imejaa. Kama ni kukatwa, ilipaswa nikatwe mimi.

Tiba iliyotufaa ni daftari la kawaida la shule, linalokaa chumba cha kusafishia vifaa. Safu nne: tarehe, kifaa, kimetokea nini, nani amekiona. Sikuandika "nani amekivunja", na maneno hayo mawili yalibadilisha kila kitu. Nikaahidi mambo mawili: aliyeandika hakatwi senti, na kila Jumatatu nitalisoma mbele yao na kusema nitafanya nini.

Daftari likianza kujaa, usiogope. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali, akitarajia kwamba timu zenye mahusiano mazuri zingekuwa na makosa machache. Alikuta kinyume chake: timu nzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi. Alipofuatilia, maelezo yaliyokubaliana na aliyoyaona ni kwamba kwenye timu hizo watu walikuwa huru kuyasema, na kwenye zile za woga makosa yalifichwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kwenye kliniki ya meno anayelia kwanza ni mgonjwa.

Dalili: Msaidizi ameona, amenyamaza

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza, ila ni hatari zaidi.

Siku moja pakiti ya koleo za kung'olea ilifika kwenye trei, na mistari ya utepe wake ilikuwa imepauka vilevile kama inavyotoka dukani. Utepe ule hautoi uhakika kwamba vijidudu vimekufa, unaonyesha tu kuwa pakiti imepitia joto. Lakini mistari isipokolea kabisa, maana yake ni moja kati ya mbili: pakiti haijaingia kwenye mashine, au mashine haijafanya kazi. Msaidizi aliuona. Niliona kidole gumba chake kimesimama juu ya utepe, hakifungui. Akanitazama, akatazama chini, akaanza kuifungua. Nikaisimamisha mimi kwa bahati tu, kwa kuwa nilikuwa natazama mkono wake.

Nilipomuuliza jioni kwa nini hakusema, alijibu polepole: "Juzi niliuliza swali mbele ya mgonjwa, daktari akaniambia nisimfundishe kazi." Daktari huyo hakuwa mimi, lakini kliniki ni yangu na nilikuwepo siku hiyo. Nilisikia, nikapita.

Chanzo cha ukimya wa namna hii ni nadra sana kuwa kutojua kazi. Mtu amepima hasara mbili, akaona aibu ya kufokewa iko karibu kuliko maambukizi ya mtu asiyemjua. Unachoweza kufanya ni kubadilisha mizani hiyo. Sisi tulikubaliana maneno mawili: "Dokta, subiri." Yeyote akiyasema, awe muuguzi, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo au mama wa usafi anayepita mlangoni, mikono inatoka mdomoni mwa mgonjwa. Sababu inaelezwa pembeni. Neno la kwanza la daktari ni asante.

Tuliyafanyia mazoezi kwa sauti, kiti kikiwa kitupu, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kumwambia daktari "subiri" hataanzia siku ya hatari. Na mtihani wenyewe utakuja siku msaidizi atakaposimamisha kazi kisha ionekane alikosea. Ukimshukuru siku hiyo, umeshinda. Ukikunja uso, rudi mwanzo.

Kuhusu kufoka, nina neno moja kwa madaktari wenzangu. Mgonjwa aliyelala mdomo wazi hawezi kusema kitu, lakini anasikia kila kitu, na anasikia zaidi kwa sababu anaogopa. Ukimwambia msaidizi "wewe huna akili" huku umeshika sindano, mgonjwa anachosikia ni kwamba anayemhudumia hana akili na anayemchoma ana hasira. Nimeona vidole vya mgonjwa vikibana mkono wa kiti wakati hakuna chochote kilichokuwa kinamgusa.

Tazama pia nani anamwamkia nani. Daktari wa miaka 28 anampita mama wa usafi wa miaka 55 asubuhi, shikamoo hakuna, kwa kuwa mmoja amevaa koti jeupe na mwingine ameshika ndoo. Kliniki nzima inaliona hilo, na kila mtu anajua mahali pake amewekwa wapi. Huwezi kumtegemea mama huyo akuambie kwamba ameokota sindano kwenye mfuko wa taka za kawaida kama hata salamu humpi. Tiba yake haina gharama wala semina: aanze mwenye kliniki, kila siku, kwa sauti inayosikika.

Dalili: Mapokezi na vyumba vya ndani hawapikiki chungu kimoja

Daktari analalamika, "Mnanijazia watu." Dada wa mapokezi naye ana machozi: ndani anafokewa, nje anafokewa.

Usiwapatanishe bado. Chukua Jumamosi moja ukae kwenye benchi la wagonjwa kwa saa mbili, kimya, ukiwa na kalamu. Mimi nilikuta miadi yote imeandikwa kwa nusu saa: kuangaliwa nusu saa, kuziba nusu saa, matibabu ya mzizi nusu saa. Gego la juu mara nyingi lina mifereji mitatu au minne ya kusafishwa ndani ya mizizi, na hakuna nusu saa inayolitosha. Lakini nani alimwambia dada? Alikuta daftari limepigwa mistari ya nusu saa, akaendelea. Kila siku kufika saa nne asubuhi tumeshachelewa, na hasira zinatafuta mtu wa kuzibeba.

Kwa hiyo madaktari waandike wenyewe, kwa mkono wao, kila kazi inachukua muda gani, na mgonjwa anapotoka, daktari ndiye aseme anarudi kwa ajili ya nini na kwa dakika ngapi. Acheni nafasi mbili tupu kila siku, moja asubuhi na moja mchana, kwa wanaokuja na maumivu bila miadi. Mji huu watakuja tu, hata mkibandika tangazo. Mapokezi apewe maswali ya kuwauliza: Yanakuamsha usiku? Uso umevimba? Unashindwa kumeza au kufungua mdomo? Umeanguka au umegongwa? Mwenye uvimbe na anayeshindwa kumeza hasubiri foleni, anaingia, na dada asiombe ruhusa ya mtu kwa hilo. Ukimpa mtu mamlaka ya kweli juu ya jambo moja la kweli, ukali wake unapungua wenyewe.

Chanzo kingine ni bei. Daktari akisema kiasi kimoja ndani na keshia akisema kingine nje, mgonjwa atamwita keshia mwizi. Karatasi moja ya bei, nakala kila chumba, na yale yasiyolipwa na bima yasemwe kabla ya ganzi.

Dalili: Madaktari wananyang'anyana wagonjwa

Hapa sihitaji maneno mengi. Angalia fomula ya malipo. Kama daktari analipwa asilimia tu ya anachofanya, umewaweka watu wawili kwenye chungu kimoja ukawapa vijiko vya urefu tofauti. Mmoja atachagua meno ya bandia na matibabu ya mzizi, mwenzake atabaki na watoto wanaolia na wagonjwa wa kuangaliwa vidonda. Mbaya zaidi, siku moja jino lililohitaji kusubiriwa litasagwa.

Maoni yangu, na najua wenzangu wengi hawakubaliani nayo: kuwe na mshahara wa msingi unaomtosha mtu kuishi, asilimia iwe ndogo juu yake, na sehemu ya asilimia iende kwa timu. Kazi ya meno ni ya mikono minne. Mikono miwili ikilipwa kwa kila jino na mingine miwili isipate kitu, msaidizi ataona kila mgonjwa wa nyongeza saa kumi na moja jioni kama adhabu, na mgonjwa ataiona sura hiyo.

Dalili: Wanachelewa, wanaumwa kila Jumatatu, wanaacha kazi

Chukua daftari la mahudhurio ulilinganishe na sheria kabla ya kuzungumzia nidhamu. Saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Saa za ziada kwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Likizo ya mwaka siku 28 za malipo. Kliniki nyingi ndogo zinakula zile dakika 60 kila siku bila hata kuliona hilo, kwa sababu mgonjwa wa mwisho wa asubuhi amegusana na wa kwanza wa mchana. Daktari aliyeinamisha shingo tangu saa mbili bila kula hatakuwa na lugha nzuri saa tisa. Njaa inafanana sana na tabia mbaya.

Uchelewaji una ramani. Anayetoka Chanika au Mbagala ameamka saa kumi alfajiri na bado foleni inaweza kumshinda, wakati anayekaa mtaa wa pili anafika akiwa ameoga na kunywa chai. Nilimwuliza aliyeongoza kwa kuchelewa angependa aanze saa ngapi. Akasema saa tatu, na yuko tayari kufunga yeye jioni. Aliyekaa karibu alipenda kufungua na kuondoka mapema. Barua mbili za onyo nilizokwisha kumwandikia nilizitoa kwenye faili mbele yake.

Dalili: Hakuna anayechomwa na sindano

Kama mwaka mzima umepita na hakuna taarifa hata moja ya kuchomwa, furahi baadaye. Kwanza uliza, faragha, "Umewahi kuchomwa ukanyamaza?"

Watu wananyamaza kwa sababu mbili. Wanaogopa kuonekana wazembe, na wanaogopa kupimwa VVU kisha majibu yazungumzwe jikoni. Ukimya huu una saa yake: dawa za kinga baada ya kuchomwa zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, na zisipoanza ndani ya saa 72 nafasi imepita. Andika ukutani hatua zote: kuosha kwa maji na sabuni, kumwambia nani, kwenda kituo gani, nani analipa nauli. Mtu anayepokea taarifa awe mmoja tu, anayeaminika kwa kutunza siri, na si lazima awe mwenye kliniki. Tukio liandikwe, kwa sababu kuumia kazini kunahusu pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu ikifika miezi sita. Igharamie wewe, kwa wote. Nilipoleta chanjo mara ya kwanza niliandika orodha ya madaktari, tabibu na wauguzi. Anayebeba mifuko ya taka hakuwemo. Naikumbuka sura yake aliposimama pembeni akitazama wenzake wanakunja mikono ya mashati.

Dalili: Grupu la WhatsApp limekufa, au linawaka saa tano usiku

Umekuwa unafokea watu humo. Acha. Pongezi ziende kwenye grupu, makosa ya mtu yasemwe naye ana kwa ana, na baada ya saa mbili usiku andika tu kama otoklevu inaungua.

Pale ambapo kung'oa ni lazima

Yapo mambo ambayo si jino la jirani linalouma. Anayeiba dawa, anayedai rushwa ya ngono kwa msaidizi, anayekuja amelewa na kushika drili: hapo usitafute chanzo kwenye ratiba, na usiwaite kunywa chai wapatane. Mlinde aliyeumizwa kwanza. Kisha fuata utaratibu: tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa, kikao cha kusikilizwa akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama, uamuzi wenye sababu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinaeleza hatua hizi, na ukiziruka, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inaweza kuona umemwachisha isivyo halali hata kama kosa lilikuwepo. Wafanyakazi wengine nao wanatazama. Wakiona hata mkosaji amesikilizwa, wataamini na wao watasikilizwa.

Dalili: Kliniki inachangamka ukisafiri

Hii uniruhusu niseme taratibu, kwa sababu iliniuma. Ukirudi safari ukakuta wagonjwa wamehudumiwa, vifaa viko safi, watu wamepiga hadi picha ya pamoja, na ukiingia tu kila mtu anashika kitu mkononi, basi umeshafika kwenye gego lenyewe.

Nilimwita kila mmoja peke yake, simu nimeizima, nikauliza: "Nifanye nini tofauti ili kazi yako iwe rahisi?" Wanne wa kwanza walisema hakuna, dokta, tuko sawa. Wa tano alikuwa mama wa usafi. Alinyamaza kidogo, akakunja kitambaa chake, akasema: "Mwanangu, ukiingia asubuhi unaangalia sakafu kwanza, ndipo unatuangalia sisi."

Sikumjibu kwa kujitetea, ingawa majibu nilikuwa nayo. Nilimshukuru, na kesho yake nilipofungua mlango nilimtafuta kwa macho nikamwamkia kabla ya kutazama kitu kingine. Ilinichukua wiki kadhaa mpaka macho yazoee. Katikati ya wiki hizo, wawili kati ya wale wanne waligonga mlango wenyewe. Mmoja alitaka kuzungumzia saa zake. Wa pili alikuwa na hendipisi mkononi, imefungwa vizuri kwenye pakiti, akasema hii nayo ni mbovu, iko hivi tangu mwezi wa tatu.